Peasi za Sista

Mjukuu wangu Anna,

Barua yako nimeipata. Huku hatujambo, mvua imeshika na maharage yamechanua. Ila shikamoo sikuiona; huko chuoni wameifuta?

Unauliza kujinyima kuna faida gani, maana umeacha nyama tangu Kwaresima ianze na huoni badiliko. Sikiliza. Wakati wa Ujamaa, sukari ilipoadimika, nilikuwa mpishi misheni hapa Lushoto. Sista mmoja mzee alitunza mti wa peasi. Alizichuma, akazinusa, akatugawia zote.

“Sista, zinakuumiza tumbo?” nikamuuliza.

“Nazipenda mno.”

Nikaona kujinyima ni kazi rahisi, nikaacha maboga. Nikaenda kumwambia kwa majivuno.

“Unayapenda?”

“Yananichefua.”

Alicheka mpaka akakaa chini. “Basi umempa Mungu makombo.”

Nikaacha peasi. Siku ya nne niliinusa moja kama yeye, nikaila. Mpaka leo najiuliza yeye alipata nini katika ile harufu.

Wewe nyama hukuipenda tangu utoto. Unachopenda ni kushinda kila ubishi. Acha hicho mpaka Pasaka, halafu uniandikie umeona nini. Mimi nilishindwa, na bado nataka kujua.

Bibi yako