Siku Niliyomwita Baba Mkwe

Makwale, Kyela
9 Agosti 2024

Dada yangu Doreen,

Ugonile, dada. Natumaini mu wazima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kifua cha mdogo kimetulia. Mimi nimepona. Kovu limekauka, na tangu mwezi wa sita nabeba ndoo mwenyewe.

Umesikia nimegombana ukweni, ukanishauri ninyamaze, mambo yatapoa. Ndaga fijo, asante sana, lakini safari hii sikufuati.

Nimerudia shajara yangu. Siku zangu za mwisho zilianza Januari 25. Kufikia Machi 14 zilikuwa wiki saba, na kwa siku tatu nilikuwa na maumivu upande mmoja na matone ya damu. Mama mkwe alisema ni chango, akanichemshia mizizi. Siku hiyo yeye alikwenda msibani Mwaya, na Yakobo wangu alikuwa shambani Katumba Songwe. Maumivu yakapanda mpaka begani, macho yakaingia giza. Aliyebaki nyumbani ni Mzee Andrea, anageuza kakao uani, pikipiki yake kando. Unajua mila yetu: mkamwana hamsemeshi baba mkwe wala hakatizi mbele yake. Miaka minne nilikuwa nikisikia hatua zake nageukia ukuta.

Hospitalini walikuta mimba imetunga kwenye mrija wa uzazi, na mrija umepasuka. Waliutoa. Ukoo ulipouliza baba mkwe alinibebaje, Mzee alijibu kwamba alinikuta nimezimia. Wakaridhika. Hata wewe uliambiwa hivyo.

Mwezi uliopita Evodia, mke wa shemeji yangu mdogo, alishinda na maumivu ya tumbo kutwa nzima kwa kuwa nyumbani alikuwepo Mzee peke yake. Yalikuwa maambukizi, amepona. Nilipomgombeza kwa nini hakuomba msaada, alinijibu, "Wewe ulizimia, dada. Mimi nilikuwa macho. Ningemwitaje?"

Sikulala vizuri siku nne.

Dada, sikuzimia. Nilitoka nikasimama mbele yake, nikamtazama usoni, nikasema, "Baba, nakufa. Nipeleke hospitali." Alishtuka kuliko mimi. Kisha akanifunga mgongoni kwake kwa kanga ya mkewe nisianguke, tukaenda.

Jumapili iliyopita nimeyasema hayo mbele ya wake wote wa ukoo. Mama mkwe anataka nirudishwe kwetu mpaka aletwe ng'ombe wa kuomba radhi. Nimekataa ng'ombe na radhi pia. Alipopandisha sauti, Mzee akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta, "Aliniita, nikaitika. Mlitaka nimzike?" Na Evodia ameniomba namba ya mwenye bodaboda.

Na hili hata Yakobo nimemwambia jana tu: nina mimba. Jumatatu inatimiza wiki sita. Daktari alisema safari nyingine nisisubiri maumivu, niwahi ultrasound waone ilipotunga. Mama mkwe husema mimba haitangazwi kabla haijaonekana. Naenda. Ikiwa mahali pake, nitashukuru. Isipokuwepo hapo, itakuwa imejulikana mapema. Na nikizidiwa, nitamwita yeyote aliye uani.

Nisalimie shemeji na wanangu wote. Yakobo anakusalimu.

Mdogo wako asiyeomba radhi,
Georgina