Nimshonee Mdogo Wangu Hema la Kurudi Msituni?

Shangazi mshauri, shikamoo. Nakuandikia kitambaa cha turubai kikiwa mezani na mkasi pembeni, naomba unisaidie kabla sijakata.

Mimi ni fundi cherehani, nimeolewa, na wazazi wangu naishi nao hapa kwangu tangu baba alipopata kiharusi, maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, tunamwita Mtawa kwa utani maana hajui kudanganya hata kwa kumfurahisha mgeni. Alisoma akamaliza, akapata kazi kampuni ya bima, kiyoyozi, kiti cha kuzunguka, sisi tukashukuru, kumbe mwenzetu roho haipo, akaacha kazi akisema hawezi kula kwa kuwatisha watu, viatu vyake vya ngozi akampa mlinzi wa getini, akatuaga kwamba anakwenda kukaa msituni mpaka ajue binadamu anahitaji nini hasa. Mume wangu akamwambia, "Shemeji, chukua basi hata simu." Akajibu, "Nikiwa na simu nitakuwa sijaenda popote."

Alisema msitu wenyewe uko mlimani, anapanda kwa upande wa kaskazini, na akamwahidi mama siku ya kushuka kutusalimu. Aliposhindwa kurudi siku aliyoahidi, mjomba na majirani wakaenda huko huko kaskazini, wakamwita mpaka sauti zikawakauka, kumbe yeye njiani alimwona ndege asiyemjua, akamfuata, akaishia kusini, akateleza kwenye mawe, akavunjika kifundo cha mguu, akalala hapo akilamba maji ya mvua kwenye majani na kutafuna mizizi iliyomtapisha mpaka nyongo. Waliomwokoa ni warina asali waliopita kwa bahati tu. Alipoletwa amebebwa mgongoni mama alianguka akazirai, na mjomba mpaka leo hajamsemesha.

Sasa sikia kinachonivuruga akili. Tangu arudi na plasta yake mguuni anashinda na baba. Sisi wote baba akianza sentensi tunammalizia, tuna haraka, kazi zinangoja, lakini yeye hukaa kimya akamtazama mdomoni mpaka neno la mwisho litoke, hata likichukua muda wa chai kupoa. Juzi nikasikia kicheko chumbani, nikadhani ni redio, ni baba! Nikarudi kwenye cherehani nikalia, sijui kwa furaha au kwa wivu.

Wiki hii kafunguliwa plasta, akaja na turubai lile. "Dada, nishonee hema. La kijani hivi hivi, nisionekane."

"Usionekane na nani?"

"Na mtu yeyote."

Mama akadakia kutoka jikoni: "Ukilishona hilo, ujue unamshonea mdogo wako sanda!" Nikaenda kwa baba, akahangaika na ulimi wake, akasema, "Mwache... arudi." Arudi wapi, shangazi? Msituni au nyumbani? Nikishona nitakuwa nimemtuma mimi, nisiposhona ataondoka na shuka na mvua imnyeshee. Nikimtazama namwona mpumbavu aliyetutesa sote, nikimtazama tena naona katika nyumba hii ndiye mwenye moyo kutushinda. Nimpige kofi au nimkumbatie? Sijui tena.

Fundi Niliyechanganyikiwa

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole. Kuchanganyikiwa kwako si ujinga. Umeona mambo mawili ya kweli kwa mtu mmoja, na unataka moja liwe uongo ili upate usingizi. Halitakuwa.

Mdogo wako ana moyo safi. Aliyeacha mshahara kwa ajili ya dhamiri, na anayemngoja mgonjwa amalize neno, si mtu wa kuchezea. Lakini moyo safi hauonyeshi njia, wala mizizi ya sumu haiulizi nia yako kabla ya kukutapisha. Anamheshimu ndege kuliko mjomba aliyekauka sauti akimtafuta. Hicho ni kiburi, hata kama kimevaa kanzu ya utawa. Ile methali ya asiyesikia la mkuu sikuandikii, mguu wenyewe umeshaisema.

Na wewe nikuseme kidogo. Baba kakupa maneno mawili, ukakimbia nayo kuja kuniuliza mimi ambaye sijawahi hata kumwona! Rudi ukakae kitini, mwulize, "Arudi wapi, baba?" kisha ufunge mdomo mpaka ajibu. Mama naye mwache aogope, ni haki yake, ila hofu yake amwambie mwanawe mwenyewe, uso kwa uso. Wewe si mjumbe wao.

Hema shona. Mtu mzima humfungii ndani kwa kumnyima turubai. Ila kijani hapana, mrudishie. Tafuta rangi ya chungwa, ile inayoumiza macho, ushone mishono miwili miwili kama unayemshonea mwanao. Akinuna, anune. Safari ya kwanza aende na wale warina asali, abebe mizinga yao, afundishwe kipi kinaliwa na kipi kinaua, na simu iwe mfukoni hata kama ameizima. Kabla ya hapo aende kwa mjomba kwa miguu yake, apige goti, aombe radhi. Bila hilo, hakuna hata uzi.

Halafu kabla hujagusa mkasi mketishe mbele ya wazazi wote wawili, umwulize swali moja tu: "Ukichelewa, tuanzie wapi kukutafuta?" Akikujibu vizuri, kata kitambaa. Akikwambia msinitafute, kunja kitambaa uweke kabatini, umwambie hapa kwetu hatujui kufanya hivyo.