Babu Alivyomfundisha Salat Biashara

Kemuma, ile hadithi anayojisifia babu Angwenyi, ya kumfundisha Salat biashara, leo Hawo binti Salat ameanika ukweli wake mbele ya ukoo mzima.

Ijumaa moja mwaka wa 1971, Salat alienda msikitini akamwachia babu duka lake la leso hapo Kisii. Msabato wetu akabandika bei kwenye kila leso, eti kupatana bei ni uongo. Hakuuza hata moja.

Hata moja, Kemuma.

Kesho yake babu yuko kanisani Nyanchwa, Salat naye akamshikia babu duka lake la blanketi. Akapatana na wateja mpaka rafu zikabaki tupu.

Jumapili babu, profesa wetu wa biashara, akanywea: "Nifundishe."

Salat akamjibu, "Anza wewe kunifundisha. Jana dukani kwako mama mmoja wa Sironga alichukua blanketi bila kuuliza bei, akasema Angwenyi hadanganyi. Mimi sijawahi kuambiwa hivyo."