Sanda ya Mwalimu Mrisho

Sekela, Bibi Mwanakhamisi amenisimulia leo jambo ambalo bado siliamini. Ni la babu Mrisho, Iringa, mwaka 1956.

Babu alikuwa akiandika kitabu cha dini cha watoto wa madrasa yake, Kihesa. Kila somo alilijaribu kwanza kwa vitendo, maana aliona mtoto hashiki asichokifanya.

Siku hiyo ilikuwa sala ya jeneza. Akajilaza mkekani, akajifunika shuka nyeupe gubigubi, watoto wakajipanga safu. Wamefika takbira ya tatu, Bibi akaingia na chungu cha uji.

Mumewe, Sekela. Asubuhi kamwacha mzima, sasa anasaliwa.

Chungu kikapasuka. Kihesa nzima ikasikia yowe. Majirani wakajaa mlangoni, babu akaketi na shuka yake. Hapo ndipo walipokimbia.

Sheikh Alawi, mwenye kauli ya kuifunga madrasa, akaja amefura. "Mrisho, unachezea mauti?"

"Waulize watoto, sheikh," babu akajibu taratibu.

Akawauliza. Kila takbira na kisomo chake, wakamjibu wote, hata wadogo.

Sheikh akamtazama Bibi, aliyesimama penye vigae vya chungu.

"Imebaki takbira ya nne," akasema mwishowe. "Mtaimaliza kesho. Ila ulaze shina la mgomba, bwana. Mkeo bado mdogo."