Salfeti Hasi Mbili

Jumatatu, 1 Novemba 1976

Mjukuu wangu Severa ana mtihani wa kemia Alhamisi. Kidato cha nne! Akifeli, baba yake ameapa kumrudisha Rombo akapalilie migomba. Akipita, uuguzi — anautaka kuliko chakula.

Kanipa karatasi ya maelezo nimsimamie akikariri. Mimi, wa darasa la nne la misheni! Ni ya rafiki yake Angelina. Kitabu darasani kimoja, watu wanane. Sodiamu ana elektroni moja ya nje, anaitoa, anabaki na chaji chanya moja. Kalsiamu anatoa mbili, chanya mbili. Klorini anapokea moja, hasi moja. Nikamwambia wanaotoa ndio wajamaa, klorini ni bepari! Kacheka mpaka kapaliwa.

Salfeti na wenzake, anasema, ni kukariri tu. "Salfeti hasi mbili." Karatasi nayo inasema mbili. Nikakunja uso: "Tatu, bibie!" Utani wa babu na mjukuu. Akajipiga kipaji cha uso, akakariri tatu. Mara ugali tayari — nikasahau.

Jumatano, 3 Novemba

Severa yuko uani, anaosha vyombo na kuimba: fosfeti hasi tatu, salfeti hasi tatu. Nikamwambia ni mbili, nilikutania. Akacheka! "Babu, leo hunipati." Nikaapa kwa Bikira Maria. Eti Jumapili niliapa hivyohivyo kwamba sukari imefika duka la ushirika, wakapanga foleni bure. Kweli. Ndiye mimi huyo!

Angelina alishachukua karatasi yake. Nimekwenda kwao Kivukoni kwa miguu — kufuli mlangoni. Nikamwomba Josepha, mama yake Severa, anisemee. "Baba, mwache mtoto asome. Utani wako umetuchosha."

Alhamisi, 4 Novemba

Naandika nimekaa nje ya ua wa michongoma wa shule. Asubuhi nilimuwahi getini. Shikamoo babu. Marahaba, salfeti ni mbili. Mbili, mama! Akanikazia macho, anatafuta kicheko. Nikakibana. Lakini mdomo huu, miaka sabini ya utundu — ukapinda wenyewe. Akatikisa kichwa, akaingia.

Sasa saa tatu na robo. Namwona dirishani. Wenzake wameinama wanaandika. Yeye kalamu iko juu, haishuki; bila shaka kafika kwenye salfeti.

Kageuka. Ananitazama. Usicheke, mzee. Usi