Binti Aliyezungumza Jikoni

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Goti la mama limepoa, na mimi nimepewa kazi mpya: mwalimu mkuu amenikabidhi malezi ya wanafunzi wote.

Kuna binti wa darasa la pili ambaye tangu muhula uanze hakutamka neno darasani. Walimu walisema ana kiburi. Mimi nikashikwa na hamu ya kujua, nikamfuata wakati wa mapumziko. Nikamkuta jikoni na mpishi wa shule, anaongea kama cherehani.

"Unamfanyia nini?" nikamuuliza mpishi baadaye.

"Simfanyii kitu, mwalimu. Simuulizi maswali tu."

Basi nikakaa nao siku tatu, namenya viazi, mdomo nimeufunga. Unanijua, nilikaribia kupasuka. Siku ya nne binti akasema mwenyewe, "Mwalimu, mimi nina kitembe. Siku ya kwanza nilisoma, wakanicheka wote. Hata mwalimu wetu alicheka."

Nilimwendea mwenzangu huyo. Aliinamisha kichwa, na kesho yake akamwomba mtoto radhi mbele ya darasa. Jana binti kasoma ukurasa mzima kwa kitembe chake, na darasa zima limetulia tuli.

Dada, tangu ulipoondoka nyumbani kwa mumeo nimekuandikia barua tatu za maswali matupu, nawe hukujibu hata moja. Nisamehe. Bado roho inaniwasha kujua, lakini barua hii haina swali. Niandikie lolote, hata habari za mvua.

Mdogo wako akupendaye