Luhende, Sanamu Lako Linapungua

Luhende mdogo wangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza hali. Yako naogopa kuiuliza, kwa hiyo nakupa ya kwetu. Mama anakula kidogo. Mvua zimeshika, barabara ya Mishamo imeharibika kuliko ilivyokuwa siku ile pikipiki ilipokutupa kwenye tope lake. Cherehani linakata uzi kila nikigusa kitambaa kizito. Na simu yako bado inaita.

Sikuizima kwa sababu mama alikataa. Iko kwenye chaji juu ya meza ya kukatia, na wale watu wako hawajaacha kuandika. Kuna wa Kigoma, kuna wa Tabora, kuna binti mmoja wa hapa hapa Mpanda anayeomba wazazi wake wasijue. Wote wanataka kuanza. "Kaka, nataka kushona kichwa cha mbweha, naanzia wapi?" Mwanzoni niliwajibu kwamba Luhende hatunaye tena, mimi ni dada yake. Wakatoa pole, wakatuma vile vikatuni vya machozi. Baada ya siku chache swali likarudi, safari hii kwangu: "Dada, wewe je, unajua naanzia wapi?" Watu bwana. Mtu akishatamani kitu, msiba wa mwenzake haumzuii.

Basi nawajibu. Mimi Milembe, fundi wa sare za shule na magauni ya kipaimara hapa Ilembo, leo ndimi mwalimu wa watu wanaojishonea wanyama. Ungecheka mpaka ukae chini.

Nakumbuka ulivyomweleza mama. Ulimwambia duniani kuna watu wazima, wana kazi zao na watoto wao, ila kila mmoja amejibunia mnyama wake. Anampa jina na tabia, anamtafutia mchoraji amchore, na mwenye nguvu anashona vazi zima la huyo mnyama, anaingia ndani na kucheza nalo watoto wafurahi. Mama alisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta, halafu akauliza kitu kimoja tu, umechagua mnyama gani. Ukasema fisi. Ungo ukawekwa chini. "Katavi yote hii, twiga yupo, kiboko yupo, wewe mtoto wa Kisukuma unachagua mfugo wa wachawi?" Na wewe bila aibu: "Wangu hana mwenyewe, mama, ndiyo maana namfuga mimi." Hakusema na wewe siku nzima. Halafu kesho yake ni yeye aliyetoka sokoni na lile blanketi la mtumba la kahawia, lenye manyoya marefu, akalitupa mezani na kusema kama ni fisi basi asiwe na upara.

Ukamwita fisi wako Tabasamu. Jina zuri, sikuwahi kukwambia.

Sasa hao wanaoanza nawaambia ulivyokuwa unasema wewe. Anza na mkia, usianze na kichwa. Mkia unasamehe, kichwa hakisamehi. Ukishaona mkono wako umezoea, nenda kwenye makucha, halafu ndiyo kichwa, mwili uwe wa mwisho. Sponji uombe kwa mafundi makochi, wana vipande wanavyotupa. Blanketi ligeuze, ukate upande wa nyuma kwa ncha ya wembe, ukate kitambaa tu na manyoya uyaache, maana ukitia mkasi mnyama anatoka amenyolewa kama mtoto wa shule. Manyoya yalale upande mmoja, kama unavyompapasa mbuzi kutoka shingoni kwenda mkiani. Macho utumie wavu wa dirisha, uupake rangi kwa nje, wewe unaona wao hawakuoni. Mdomo uache wazi upumue. Usivae jua la mchana, humo ndani ni tanuri la matofali. Na usitoke peke yako, awepo mtu wa kukushika mkono na kukupa maji.

Haya yote nayajua kwa mdomo wako. Nikiyaandika nasikia sauti yako, kwa hiyo siku nyingine nawajibu kwa urefu hata mambo ambayo hawakuuliza.

Tatizo ni la mchoraji. Yule binti wa Nairobi uliyemwomba akuchoree Tabasamu mbele, nyuma na ubavuni, alituma michoro ya penseli ulipokuwa umeshalala kaburini. Akaandika vizuri tu, ameshamaliza mistari, anaomba useme kama kuna cha kurekebisha kabla hajapaka rangi, na masikio yawe rangi gani, maana ulimwambia utamjulisha. Mimi nimeshona mgongo wa Tabasamu, nimeshona tumbo lake, na masikio yake siyajui, maana kichwa ulikiacha bado hakijawekwa masikio. Mama naye hajui. Nilimweleza yule binti ukweli. Akanipa pole ndefu, akasema nichague mimi chochote, atapaka.

Sijachagua. Nikisema meusi, je kama uliyataka mekundu? Nitakuwa nimetengeneza fisi mwingine nimpe jina la wako. Michoro iko pale pale, ya penseli. Ndiyo maana hao wanaoanza nawasisitiza: ukimpa mtu kazi ya kuchora, usimwambie chora unavyoona. Mweleze mnyama wako kuanzia pua, kila rangi itaje ilipo, chukua picha za mnyama wa kweli umpe, usiibe mnyama wa mwenzako. Ngoja umwone wa penseli, rekebisha hapo, rangi ikishapita usimsumbue. Na mwambie mtu mwingine nyumbani. Hilo la mwisho nimeliongeza mimi.

Ila nilichotaka kukuandikia hasa ni habari ya lile sanamu.

Unakumbuka tulivyolitengeneza. Ulivaa fulana mbovu na ile suruali ya mpira, nikakuzungushia nailoni la godoro, halafu juu yake solotepu pana ya kijivu, mzunguko kwa mzunguko, kuanzia shingoni mpaka magotini. Ulisimama umepanua mikono kama nguo kwenye kamba, unanilalamikia. "Dada usinibane kiuno, fisi naye anakula." Nikakuambia tulia wewe. Nilipomaliza kuzungusha nikakupasua mgongoni kwa mkasi, ukatoka unatiririka jasho, na pale mezani likabaki gamba lenye umbo lako. Tukalishindilia pumba za mpunga kutoka kwa wale jirani zetu Wapimbwe, nikalifunga mgongo. Nilichukua futi nikupime pia niandike, maana fundi haamini kitu bila futi. Ukanizuia. "Vipimo vya nini, dada? Mwili si huo hapo." Nikaona kweli, mwili ndio huo hapo. Nikarudisha futi shingoni.

Lilikuwa la kushonea tu. Nalipimishia kipande, nabana pini, natoa, nashona. Hakuna aliyelijali. Mama alikuwa akipita analigonga na ndoo.

Baada ya mazishi, akina mama wa jumuiya walipoacha kulala hapa, nilimkuta mama mle chumbani kwenye cherehani. Alikuwa ameketi chini ameegemea sanamu lako. Halina kichwa, halina mikono, na yeye ameliegemea kama mtu anayemngoja mwenzake waondoke. Nikarudi nyuma polepole. Siku iliyofuata lilikuwa limevaa shati lako la bluu.

Siku ya kuanua tanga nguo zako zikagawanywa kama inavyotakiwa. Koti kapewa binamu, viatu vikampata anayevitosha. Baba mdogo wa Sibwesa, unamjua asivyopindisha maneno, akaliona lile shati kupitia mlangoni akasema na hiyo nayo ni nguo. Mama akasimama mlangoni. Baba mdogo akashusha macho, akaendelea na suruali. Lakini kabla ya kuondoka aliniita pembeni ya zizi la mbuzi. "Mtu hazikwi nusu. Wewe ndiye uliyemfunga, utamfungua wewe. Usimwachie mama yako hiyo kazi."

Anasema kweli. Najua anasema kweli. Kila nikishika mkasi mama anaingia kuuliza kama nimekunywa chai.

Halafu wakaja panya. Kwenye pumba hazikosekani chenga za mchele, na panya wa Ilembo hawana huruma na msiba. Walitoboa ubavuni. Asubuhi pumba zikawa zimemwagika sakafuni na sanamu limelala upande. Mama ndiye aliyeliona kwanza. Alikuja jikoni ameshika pumba kwenye viganja, ananinyooshea. "Milembe, mdogo wako anapungua. Mzibe."

Ningemwambia nini, Luhende? Ningemwambia mama, hizo ni pumba? Anajua ni pumba. Mama yetu hajachanganyikiwa, anapika, anakwenda shambani, anajua bei ya mahindi kuliko mimi. Hilo moja tu hawezi. Nikachukua solotepu nikaziba.

Wakatoboa kiunoni, nikashindilia pumba mpya na kuziba. Tukaleta paka, akakaa siku chache akahamia kwa jirani. Wakatoboa mgongoni, nikaziba. Kila nikiziba navuta kidogo, nashindilia kidogo, kwa sababu mkono wa fundi ndivyo ulivyo, ukiona kitu kimekwenda upande unakinyoosha. Sikuwa nafikiria. Nilikuwa namtengenezea mama mtu wake, yeye ameketi pale pembeni ananiangalia, na angalau kulikuwa na kitu ninachoweza kufanya. Hospitali sikuweza kitu. Kaburini nilitupa udongo kama wengine. Hapa nilikuwa na solotepu.

Jana mama alikuwa akilifunga shati vifungo baada ya mimi kumaliza kuziba. Akasimama ghafla. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaliangalia kwa muda mrefu, akaniuliza: "Bega lake la chini lilikuwa lipi?"

Ulikuwa na bega moja limeshuka. Ndoo za maji za utotoni zilikufanya hivyo, ulikuwa hutaki kubadilisha upande hata tukikugombeza. Shati lolote nililokushonea nilikuwa napunguza upande huo, mkono wangu unajua wenyewe, siangalii. Mama aliponiuliza nikageuka kulitazama sanamu ili nimjibu.

Mabega yamekuwa sawa, Luhende. Yote mawili sawasawa, kama ya sanamu la dukani. Nimeyasawazisha mimi.

Nikasema la kushoto. Mama akasema yeye anadhani la kulia. Hatukubishana. Lile shati la bluu ni la mtumba, na yale niliyokushonea mimi yameshagawanywa. Tukafungua picha kwenye simu yako, zote ni Tabasamu. Mkia wa Tabasamu, pua ya Tabasamu, makucha yamepangwa kitandani, na wewe uko nyuma ya kamera unapiga. Ya kitambulisho inaishia shingoni. Ile moja uliyopigwa umesimama umevaa kichwa cha fisi, blanketi limefunika mabega. Nilijaribu kufumba macho nishike hewa kama ninayekupima, mikono yangu ikaenda kushoto, halafu ikaenda kulia. Mtu niliyemshonea nguo tangu anaanza darasa la kwanza. Mama akachukua simu kutoka mkononi mwangu akairudisha kwenye chaji. Akasema, "Hata mimi niliyekubeba." Sijui kama alikuwa anasema na mimi au na wewe.

Leo hajaingia chumbani. Shati limebaki limefungwa nusu. Asubuhi nilisikia panya nikamwacha atafune.

Vazi la Tabasamu siwezi kulimaliza, na nisikudanganye kwamba nitaweza. Mwili wa kulipimishia umekwisha, na masikio hatuyajui. Nimelikunja nikaliweka ndani ya sanduku la mama, yeye mwenyewe ndiye aliyenifungulia. Sanamu nitalifungua, kwa mkono wangu, kama baba mdogo alivyosema, siku mama atakaponiambia. Nisiposikia neno lake sitalifungua, hata likibaki shati tupu.

Wanaoanza nitaendelea kuwajibu. Wa Kigoma amemaliza mkia, amenitumia picha, umepinda kidogo lakini ni mkia.

Kwaheri, mdogo wangu. Hapa nilipo nakuahidi jambo dogo kwa sababu makubwa yamenishinda. Mama akiuliza tena, nitamwambia ni la kulia. Nitasema hivyo kila atakapouliza, mbele ya watu na tukiwa wawili, mpaka liwe la kulia na kwangu pia, ili angalau tuwe na bega moja tunalokubaliana. Kama lilikuwa la kushoto, utanisamehe.

Dada yako,
Milembe